Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Programu Yako Ifanye Kazi Gani Hasa?

Natengeneza programu za simu na kompyuta kwa watu wa Tanga mjini na wilaya za jirani: wenye maduka, madalali wa samaki, vikundi vya wafugaji, zahanati binafsi. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila ninapokaa na mteja mpya, awe wa Ngamiani au wa Muheza, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Soma lile linalokuhusu, mengine yaruke.

Nataka programu yenye kila kitu. Shilingi ngapi?

Sijui, na atakayekutajia bei papo hapo naye hajui. Mwenye duka la vipuri akiniambia "kila kitu", nikimchimba kidogo nakuta ana mambo matatu: ajue kilichouzwa, ajue nani anadaiwa, na kijana wa dukani asimpige changa la macho. Hayo matatu yakienda sawasawa, chati za rangi na kitufe cha kuwatumia wateja salamu za sikukuu wala hataziulizia.

Tuzungumze kazi kwanza. Kazi isipojulikana, bei ni ramli.

Unaposema "utendaji" wa programu una maana gani?

Uwezo wa programu kumaliza kazi aliyokuja nayo mtumiaji. Wingi wa vitufe si kipimo. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 25010, kilichotolewa mwaka 2011 na kufanyiwa marekebisho 2023, ambacho kinapanga sifa za ubora wa programu. Upande wa utendaji kinauliza mambo matatu: kazi zote zinazohitajika zipo? Majibu yanayotoka ni sahihi? Na zinamfikisha mtu anakokwenda bila kumzungusha? Kasi, usalama na wepesi wa kutumia vina mafungu yao.

Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Nimeona programu ya stoo ambayo hesabu zake zote ni sahihi na kila kipengele kilichoombwa kipo, lakini kuuza mche mmoja wa sabuni lazima upite skrini tano. Jioni watu wakijaa dukani, muuzaji anaiweka simu pembeni na kurudi kwenye daftari. Kwenye mkataba ile programu imekamilika. Dukani hakuna anayeitumia.

Kwa nini unataka kuja kukaa kwangu kabla hujaandika chochote?

Kwa sababu mtu akisimulia kazi yake huruka yale anayoyafanya bila kufikiri.

Chukua soko la samaki la Deep Sea. Dalali mmoja alinieleza tukiwa tumekaa kivulini kwamba anataka kuandika mzigo, bei na mnunuzi, basi. Asubuhi mnadani mambo yalikuwa mengine. Mikono imelowa na imejaa magamba. Bei inapanda huku watu wanaita kwa mpigo, mnunuzi hajulikani kwa jina la kitambulisho bali kwa jina la utani, na mzigo unaofuata umeshamwagwa chini kabla wa kwanza haujalipiwa. Kioo cha simu hutambua kidole kwa badiliko dogo la umeme, na tone la maji nalo huleta badiliko kama hilo, kwa hiyo ukishika simu na mikono ile namba zinajiandika zenyewe. Mzee akanitazama: "Mwanangu, hiki kidubwasha nitakishika saa ngapi?"

Neno lile ndilo lililochora programu. Anayeandika ni karani aliyekaa kando na mikono mikavu. Mnunuzi anatafutwa kwa jina la utani. Mzigo unaandikwa kwa kilo, kwa ndoo au kwa fungu, maana nguru hauzwi kama dagaa. Na muamala unaweza kuachwa nusu, ukafunguliwa mwingine, kisha ukarudiwa. Hilo la mwisho halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, na lingekosekana, programu isingemaliza hata asubuhi moja.

Ripoti ya siku hailingani na hesabu yangu ya mkononi. Programu ina kasoro?

Huenda haina. Huenda siku yako na siku ya kompyuta ni vitu viwili.

Kompyuta hubadili tarehe saa 6 usiku kamili. Chombo cha dagaa kinatoka jioni na kurudi alfajiri, kwa hiyo safari moja inakatwa vipande viwili: mafuta yanaangukia Jumanne, mauzo yanaangukia Jumatano. Jumanne inaonekana hasara tupu, Jumatano faida nono, na yote mawili si kweli. Dawa yake ni ama kuweka siku ya biashara inayoanza mchana, ama kuhesabu kwa safari na kuachana na tarehe. Mimi napendelea safari. Wenye vyombo ndivyo wanavyogawana mapato.

Kulinganisha wiki na wiki nako kuna mtego. Wavuvi wa taa wanategemea giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa na vyombo vingi hupumzika. Programu iliyochorwa kwa kalenda ya ofisini itatoa mshale mwekundu na onyo la "mauzo yameshuka" kila mwezi unapoandama ukakua, kwa jambo analolijua kila mtoto wa Sahare. Giza lilinganishwe na giza lililopita. Mzunguko wa mwezi ni takriban siku 29.5, na kuuingiza kwenye programu si kazi kubwa. Kazi ni kukumbuka kuuliza.

Na saa zenyewe! Ndani ya hifadhidata tunatunza mtindo wa saa 24, kwa sababu hauna utata. Kwa mtumiaji tunaonyesha anavyosema mwenyewe: saa 2 asubuhi. Meseji ya zahanati inayosema "njoo kesho 8:00" itamleta mgonjwa saa 8 mchana, daktari ameshaondoka. Wapo wanaoona hili ni dogo. Waulize wauguzi wa mapokezi.

Mtandao ukikata katikati ya kazi itakuwaje?

Hapa ndipo programu nyingi zinapoumbuka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Programu inayochorwa kwenye meza yenye intaneti nzuri huchukulia kuwa seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayopokea na kutunza taarifa, ipo wakati wote. Peleka programu hiyohiyo kwenye kituo cha kukusanyia maziwa kijijini, wafugaji wamepanga foleni na madumu yao tangu alfajiri, mtandao unakuja na kupotea. Kila lita ikisubiri jibu la seva, foleni inasimama na maziwa yanaanza kuharibika. Kwa hiyo kumbukumbu inaandikwa kwanza ndani ya simu, karani anaendelea na mfugaji anayefuata, na mtandao ukirudi simu inapeleka yote kwa mkupuo. Skrini lazima iseme wazi: hizi zimefika, hizi bado. Alama ya wingu inayojizungusha haimwambii karani kitu.

Halafu kuna swali gumu: kumbukumbu moja ikibadilishwa kwenye simu mbili wakati zote hazina mtandao, ipi ishike? Programu za uvivu huchukua iliyofika mwisho na kuifuta nyingine kimyakimya. Kwa namba ya simu ya mteja si neno. Kwa lita za maziwa au deni ni wizi usio na mwizi. Kwa mambo ya fedha sifuti kabisa: kila badiliko linaongezwa kama mstari mpya wenye jina la aliyeliandika na saa, kisha msimamizi anaamua.

Na hatari ninayoiogopa kuliko zote ni malipo mara mbili. Mteja anabonyeza "Lipa", mtandao unakata, haoni jibu, anabonyeza tena. Kama ombi la kwanza lilikuwa limefika, kalipa mara mbili. Kuzima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza kunasaidia, lakini hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kufunga programu na kuifungua upya. Suluhisho linakaa kwenye seva: simu inaliwekea kila ombi namba yake ya pekee kabla halijatoka, na ombi lilelile likirudi na namba ileile seva haitoi pesa tena, inarudisha jibu la mwanzo. Unapozungumza na mtengenezaji yeyote, muulize hili. Akikutolea macho, tafuta mwingine.

Wateja wangu wengi wanatumia kitochi. Niwaache?

Hapana. Menyu za nyota na reli, yaani USSD, zinafanya kazi kwenye simu yoyote bila intaneti, na watu wamezizoea kwa kutuma pesa. Ila zina mipaka yake. Skrini moja inabeba herufi zisizozidi 182, na mtu akichelewa kujibu kikao hukatika, inambidi aanze upya. Kwa hiyo jambo linaloulizwa sana liwe namba 1, na usimpitishe mtu ngazi nne kufika kwenye salio lake.

Meseji za kawaida ni nzuri kwa taarifa: "Umeleta lita 12, jumla ya mwezi 318." Meseji moja inabeba herufi 160, lakini kuna mtego mmoja ambao sisi waandishi wa Kiswahili tunauingia kila siku. Ile alama ya juu kwenye "ng'ombe" ikiwa ya kunyooka, hesabu ni 160. Ikiwa ya kupinda, kama kompyuta nyingi zinavyoigeuza zenyewe unapoandika, haimo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji. Meseji nzima inabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka hadi herufi 70. Kijikatuni kimoja cha kucheka kinafanya vivyo hivyo. Chama kinachotumia wafugaji wake taarifa za "ng'ombe" kila wiki kinaweza kulipia meseji mbili au tatu kwa kila mtu badala ya moja, na asijue mtu kwa nini salio linaisha. Programu zangu zinainyoosha alama hiyo kabla meseji haijatoka.

Kwa nini hutunzi pesa zenye nukta?

Kompyuta hutunza namba nyingi za nukta kwa kukadiria. Ziambie lugha nyingi za programu zijumlishe 0.1 na 0.2, zitakupa 0.30000000000000004. Shilingi haina haja ya hayo: inatunzwa kama namba kamili. Mahali pa kuangalia ni pale lita 7.3 zinapozidishwa na bei. Kanuni ya kukata au kupandisha iandikwe na chama chenyewe, wanachama waijue, siyo aichague mtengenezaji usiku akiwa peke yake.

Kitangulie nini, muonekano au utendaji?

Mwaka 1896 msanifu majengo Mmarekani, Louis Sullivan, aliandika kwamba umbo hufuata kazi, na tangu hapo watu wa usanifu wa kila namna wanaligombania neno hilo. Mimi nakubaliana naye kwa sehemu. Muonekano nao ni utendaji pale maandishi yasiposomeka. Kijivu hafifu juu ya nyeupe kinapendeza ofisini. Saa 7 mchana kwenye stendi ya Kange, jua la utosi, mkatisha tiketi haoni kitu. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu inataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na kinachoyazunguka isipungue 4.5 kwa 1. Vitufe navyo: Google inashauri upana na urefu wa dp 48 (dp ni kipimo cha skrini za Android), ambao ni kama milimita 9, Apple inashauri pointi 44 kwa kipimo chake. Kwa watu wanaofanya kazi wamesimama naongeza juu ya hapo.

Rangi za chapa yako zitakaa. Ila zikigombana na macho ya mtumiaji, zitapisha.

Iwe na kasi gani?

Jakob Nielsen, mtaalamu wa wepesi wa kutumia programu, aliweka mwaka 1993 vipimo ambavyo bado vinatumika. Jibu likija ndani ya sekunde 0.1, mtu anaona ni papo hapo. Hadi sekunde 1 anahisi kuchelewa lakini fikra haijakatika. Zaidi ya sekunde 10 ameshaanza kuongea na jirani. Kwa kazi ndefu onyesha inavyokwenda. Naongeza langu: pima kwenye simu ya bei rahisi iliyojaa picha za harusi, siyo kwenye simu ya mtengenezaji.

Programu ikikosea, imwambie nini mtumiaji?

Imweleze mambo matatu: kimetokea nini, pesa au taarifa yake iko salama au la, na sasa afanye nini. "Malipo hayajakamilika. Pesa yako haijakatwa. Jaribu tena au mwite msimamizi." Hiyo inatosha. "Hitilafu 500" ni ya kusomwa na mimi, siyo na mama muuza vitenge.

Ujumbe mbaya unaweza kuua, na sisemi kwa kutia chumvi. Kati ya 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa wasiopungua 6 mionzi iliyozidi kiasi mara nyingi, na baadhi walikufa. Chanzo kilikuwa kwenye programu. Katika baadhi ya ajali hizo skrini ilitoa neno la hitilafu na namba 54, bila maelezo ya maana, na kwa kuwa mashine ilizoea kutoa hitilafu ndogondogo, waendeshaji walikuwa wamezoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Mtu akizoeshwa kupuuza maonyo, siku ya onyo la kweli nalo atalipuuza. Ndiyo maana nakataa kuweka onyo kila mahali. Likitokea, liwe na sababu.

Nitajuaje imekamilika kabla sijamalizia malipo?

Kwa sentensi tulizoandikiana mwanzoni, kwa Kiswahili, zinazoweza kujibiwa ndiyo au hapana. "Mfumo wa maziwa uwe mzuri" haipimiki. Hii inapimika: "Karani akiandika lita za wafugaji ishirini simu ikiwa haina mtandao, kisha mtandao ukirudi, kumbukumbu zote ishirini zionekane ofisini, kila moja mara moja tu." Tunazima data, tunajaribu, tunaona.

Kisha wape simu watu wako, siyo wewe mwenye mali. Nielsen huyohuyo aliandika mwaka 2000 kwamba kuwajaribisha watu 5 tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, na uzoefu wangu unamuunga mkono. Masharti ni mawili: mpe kazi ya kweli ("muuzie huyu mama robo kilo ya misumari kwa mkopo"), halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akikwama bosi anarukia, "bonyeza hapo juu!", na tatizo linazikwa likiwa hai.

Mshindani wangu ana kipengele fulani. Na mimi niwekewe?

Wateja wake wanakitumia? Nenda kawaulize, hawako mbali.

Mjapani Noriaki Kano alieleza mwaka 1984 kwamba sifa za bidhaa haziko sawa. Zipo ambazo zikiwepo hakuna anayekusifu, lakini zikikosekana unatukanwa. Salio sahihi ni mojawapo. Zipo ambazo kila zikiongezeka mteja anafurahi zaidi. Na zipo za kumshangaza, ambazo hakuzitarajia. Wenye biashara wanakimbilia za mshangao wakati zile za msingi zinachechemea. Kila kipengele kinachoongezwa kina cha kutunza, cha kufundisha wafanyakazi na cha kuharibika, hata kama siku ya kwanza kilionekana bure.

Vya kuondoa navyo vipo. Kisichoguswa na mtu msimu mzima tunakificha kwanza, tunasikiliza kama kuna atakayelia, ndipo tunakifuta.

Nikusanye taarifa gani za wateja?

Zile ambazo kazi haiwezi kufanyika bila hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na anayekusanya na kuchakata taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume inayosimamia sheria hiyo. Taarifa za afya zina ulinzi mkali zaidi, wenye zahanati wazingatie. Duka la vitenge halina sababu ya kumwomba mteja namba ya NIDA. Mara nyingi nikiuliza "utaifanyia nini?" jibu ni "iwepo tu". Basi isiwepo.

Unaweka na akili bandia?

Pale inapomaliza kazi, ndiyo. Kusoma picha ya risiti na kujaza fomu inasaidia, mradi mtu ahakiki kabla ya kuhifadhi. Kutabiri bei ya dagaa ya wiki ijayo, sikuuzii.

Kuna biashara usiyoishauri kuwa na programu?

Zipo, na huwa nawaambia wenyewe. Dada mmoja wa Makorora anayepika vitafunwa vya oda alitaka apu ya kupokea maagizo. Wateja wake wote wanampigia simu, na anapenda wampigie, kwa sababu ndipo anapowashawishi kuongeza sambusa. Nikamwonyesha namna ya kuweka majibu ya haraka na lebo za oda kwenye WhatsApp Business, ambayo ni ya bure, tukanywa chai, nikaondoka. Kama biashara yako imekaa hivyo, usilipe pesa ya programu. Ukianza kukosa oda kwa sababu simu inaita zaidi ya unavyoweza kupokea, hapo nipigie, na uje na daftari lako la oda jinsi lilivyo, hata kama lina mafuta.